Je, wajua kwa nini wanasayansi wa tabianchi huanza na hadithi?

Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi inatoa makadirio kadhaa ya joto la mwisho wa karne hii. La chini kabisa ni nyuzi 1.4 juu ya joto la kabla ya enzi ya viwanda, la juu kabisa nyuzi 4.4. Mtu akiona pengo hilo anaweza kudhani wataalamu wamekosea hesabu. Hesabu wanaijua vizuri. Fizikia inaweza kukwambia kwamba kaboni kiasi fulani ikipanda angani, dunia itapata joto kiasi fulani. Haiwezi kukwambia kama mwaka 2060 watu watakuwa bado wanachoma makaa ya mawe, watazaa watoto wangapi, au kama majirani watakuwa wanasemezana.

Kwa hiyo, kabla ya kompyuta kuanza kazi, watafiti waliandika hadithi tano za kesho, kwa maneno ya kawaida. Katika ya kwanza walimwengu wanajifunza kutosheka, na pengo la tajiri na maskini linapungua. Katika ya pili mambo yanakwenda kama yalivyozoea kwenda. Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi: kila nchi inampa jirani yake kisogo, fedha zinaelekezwa kwenye ulinzi, elimu inazorota, na watu wanazidi kuongezeka pale pale penye uhaba. Katika ya nne wachache wanashika kila kitu. Katika ya tano dunia inatajirika haraka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Ndani ya hadithi hizo ndimo zilimochotwa namba za watu, mapato, umeme na mashamba, zikaingizwa kwenye kompyuta. Zile nyuzi 1.4 zinatoka kwenye hadithi ya kwanza, 4.4 kwenye ya tano.

Na jambo hili liko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Jopo hilo liliundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la hali ya hewa na la mazingira, na hili la pili makao yake makuu yapo hapa Nairobi, Gigiri, kando ya msitu wa Karura.

Lakini hadithi zile tano hazina mtu ndani yake. Hazina jina la mtoto wala sauti ya mama anayeita. Ndiyo maana namba zinazotoka humo haziwagusi wengi. Mwambie mtu anayesubiri matatu kituoni Kencom, katikati ya Nairobi, alfajiri ya Julai, amejifunika koti mpaka masikioni, kwamba dunia imeongeza joto kwa nyuzi 1 na ushei. Atakushangaa. Kati ya alfajiri hiyo na saa nane mchana Nairobi yenyewe itapanda nyuzi nyingi kuliko hizo, na hakuna atakayekufa.

Kinachomfikia ni maji. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ni kama mtungi uliotanuka: unachukua muda kujaa, na wakati huo ardhi inakaushwa zaidi; ukimwagika, unamwaga mengi kwa mara moja. Mwezi wa Aprili 2024 mito ya Nairobi ilifurika, maji yakaingia vyumbani katika mtaa wa mabanda wa Mathare watu wakiwa wamelala, na baadaye serikali ikaamuru wote walio ndani ya meta 30 kutoka mtoni wahame. Sisemi mafuriko yale yote yaliletwa na tabianchi. Mitaro iliyoziba na nyumba zilizobanana kingoni zilikuwa na sehemu yao. Ila ukitaka mtu aielewe ile asilimia 7, msimulie usiku mmoja wa chumba kimoja, godoro likielea.

Wazee wetu walilijua hili. Iko ile hadithi ya wanyama waliopatwa na ukame, wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa kushika jembe. Maji yalipotoka akawa anakuja usiku kuyaiba, akiwahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kobe alipojificha ndani ya maji akamnasa. Tulipokuwa watoto tuliitikia "Pakawa!" tukijua tutacheka ujanja wa sungura. Nikiirudia leo naona kisima kimoja, wenye kiu wengi, na mmoja anayekunywa asichokitolea jasho. Viongozi wa Afrika walipokutana KICC, jumba la mikutano la Nairobi, mnamo Septemba 2023 kuzungumzia tabianchi, hoja mojawapo ilikuwa hiyo hiyo. Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya gesi zinazopasha dunia joto, na Pembe ya Afrika ilikuwa imetoka kukosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022.

Hapa ndipo mwandishi wa leo anapokwama. Sungura ana masikio ya kukamatwa. Tabianchi haina sura: moshi ulitoka kwenye bomba la kiwanda cha Ulaya kabla babu hajazaliwa, na ng'ombe anaanguka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, leo. Ngano hulitatua tatizo hilo kwa kupunguza: kisima kimoja, usiku mmoja, mlinzi mmoja mwenye usingizi.

Wangari Maathai alikuwa fundi wa kupunguza namna hiyo. Tarehe 10 Desemba 2004, akipokea Nobeli ya Amani kule Oslo, alitaja mamilioni ya miti iliyopandwa na wanawake wa vuguvugu aliloanzisha mwaka 1977. Lakini alimalizia na kijito cha utotoni kwao Nyeri. Alikuwa akicheza kati ya majani ya nduma, akijaribu kuyaokota mayai ya chura akidhani ni shanga, nayo yakikatika kila alipoyagusa. Kijito kile, akasema, kimekauka. Kwingine alieleza kwamba mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alipokuja kusoma sayansi ndipo akaelewa kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba na kuyafungulia njia maji ya chini. Katazo la mama lilikuwa limeulinda mti na kijito pamoja. Watu walipoacha kuliamini, mti ukakatwa, na maji yakaondoka nao. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba hadithi hufanya kazi ya mikono.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2009, Wanuri Kahiu wa Nairobi alitoa filamu fupi, Pumzi, ya dakika ishirini hivi. Vita vya Tatu vya Dunia vimeshapiganwa, chanzo kikiwa maji. Watu wanaishi wamefungiwa, jasho na mkojo wao vikisafishwa vinywewe tena. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, kisha anatoroka aende kuipanda nje. Takwimu hazitajwi sana humo. Unaona mwanamke akikamua jasho lake limwagikie mche, na koo lako linakauka.

Hadithi zile tano bado zinatumika, na zote zimeandikwa kwa kipimo cha nchi na mabara. Ukiichukua ile ya tatu na kuishusha mpaka Mathare, maswali yanakuwa madogo na magumu: mtungi wa lita 20 unauzwa bei gani, nani analinda bomba usiku, na mtoto aliyetumwa maji alfajiri anapitia daraja lipi mto ukiwa umejaa. Hayo hayakuandikwa na watafiti wala kompyuta haikuulizwa. Yanamsubiri mtu anayelijua lile daraja.