Asteroidi ya ukanda mkuu: kuipiga picha si kuigundua

Anga la Arusha likiwa safi, darubini ya wastani yenye kamera inatosha kunasa asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua. Kuigundua ni jambo jingine. Zilizokwisha kuorodheshwa ni zaidi ya milioni moja, nyingi zikiwa kwenye ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii, na zile zinazong'aa zina wenyewe tangu zamani. Zilizobaki huwa na mwangaza wa daraja la 21 hivi (namba ikipanda, mwanga hupungua), au hafifu zaidi.

Kazi hufanyika kwa picha nne za eneo lilelile la anga, zilizopishana kama robo saa. Ukizichezesha mfululizo kwenye programu kama Astrometrica, nyota hutulia na asteroidi huruka hatua fupi zilizo sawa, kwenye mstari ulionyooka. Mwendo wa kawaida ni kama sekunde 36 za tao kwa saa (sekunde ya tao ni pembe ndogo, digrii moja ikigawanywa mara 3600), yaani hatua ya sekunde 9 hivi kila picha. Nukta inayoonekana kwenye picha mbili tu, au inayoyumba, achana nayo: mara nyingi ni pikseli mbovu.

Vipimo vya mahali kitu kilipoonekana hupelekwa Minor Planet Center, Marekani, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi, vikiwa na muda wa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hapa ndipo saa yetu ya Kiswahili inapotutega. Saa tatu usiku Moshi ni 18:00 UTC. Si 21:00, wala si 3:00. Ukiandika 21:00, kitu unakiweka zaidi ya sekunde 100 za tao mbali na kilipokuwa, na obiti, yaani njia yake kuzunguka Jua, haikubali. Hata dakika moja huharibu vipimo, kwa hiyo sawazisha saa ya kompyuta kupitia intaneti kabla ya kuanza.

Usiku mmoja hautoshi. Ni lazima kitu kionekane tena usiku mwingine, siku chache baadaye. Ukitegemea darubini yako mwenyewe wakati wa masika, wingu litakushinda.

Vipimo vikikubaliwa, kitu hupewa alama ya kushikilia tu, kabla ya namba na jina. Chukua 1930 ME, iliyoonekana kutoka Johannesburg: M ni nusu ya pili ya Juni, E ni ya tano katika nusu hiyo (herufi I hurukwa). Baadaye ikapata namba 1595 na jina Tanga, ndiyo, Tanga yetu. Namba haitoki mpaka obiti ijulikane kwa uhakika, na kwa kawaida hiyo ni miaka kadhaa ya kuifuatilia.

Namba ikishatoka ndipo mgunduzi anapopata haki ya kupendekeza jina, kwa miaka 10. Lisizidi herufi 16, litamkike, lisifanane mno na lililopo. Mwanasiasa au mwanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kufa. La biashara halipiti kabisa. Kinachoamua ni kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, na haiuzi majina. Cheti cha kununua mtandaoni ni karatasi tu.