Ndege ya majaribio sio ndege ya kubahatisha

Watu wengi wakisikia "ndege ya majaribio" wanadhani ni mtu kaunga vyuma kwenye gereji, kawasha injini, sasa tunangoja kuona itapaa au itaanguka. Sivyo kabisa. X-15, ndege ya roketi ya majaribio ya Marekani, ilikuja kufika zaidi ya kilomita 7,200 kwa saa mwaka 1967, ila safari yake ya kwanza, 1959, iliachiwa kutoka chini ya bawa la B-52, ndege kubwa ya kivita, ikashuka bila hata kuwasha injini, walitaka kwanza wajue inatii usukani. Yaani wanauliza swali moja, wakijibiwa ndio wanaenda la pili. Hatari ipo, rubani mmoja wa X-15 alifariki, lakini bahati nasibu haikuwa.

Eti kila ndege ya majaribio ipo siku tutaipanda? Wapi. X-59 ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 2025 ina siti moja tu, na kioo cha mbele haina, rubani anaona mbele kwa kamera na skrini kwasababu pua peke yake ni kama theluthi ya ndege nzima! Pua hiyo inasaidia kutawanya mawimbi ya hewa yasijikusanye yakawa ule mshindo mkubwa wa kuipita kasi ya sauti, maana huo mshindo ndio uliofanya Marekani mwaka 1973 ipige marufuku ndege za kiraia kuruka kwa kasi hiyo juu ya nchi kavu.

Halafu kuna hii ya "weka betri tu mafuta yaishe kazi", hapa ndio watu wananichekesha. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati kama wati-saa 12,000, betri nzuri ya lithiamu ni kama 250, sasa hata ukikubali kwamba mota ya umeme inapoteza nishati kidogo kuliko injini bado pengo ni kubwa mno. Tena mafuta yanaungua yanaisha, ndege inazidi kuwa nyepesi. Ndege ya Voyager, iliyozunguka dunia 1986 kwa siku tisa bila kuongeza mafuta, ilipaa ikiwa nzito mpaka ncha za mabawa zikaburuza kwenye lami, karibu robo tatu ya uzito wake ilikuwa mafuta, na ilitua tangi karibu tupu. Betri inatua na uzito uleule iliopaa nao.