Fundi wa bwawa ni wa kukodi, maji ni ya kwako

Masika yamekatika lakini simu za malalamiko ofisini kwetu bado zinaingia, na nyingi zinafanana: jirani ana swimingi puli, maji yameota kijani, vyura wanaimba usiku kucha na mbu hawalaliki. Mimi ni afisa afya mazingira wa manispaa hapa Dar es Salaam, na nimeona nikae chini niandike maana tukifika kwenye hizo nyumba jibu ni lile lile, "afisa, mimi nina fundi, anakuja kila Jumamosi." Sawa, fundi unaye. Ila notisi haiandikwi kwa jina la fundi, inaandikwa kwa jina la mwenye nyumba.

Mwezi wa nne nilifika kwenye nyumba moja, bwawa zuri la mita 8 kwa 4, maji meupe kabisa, fundi ndo katoka kuweka dawa. Harufu ya klorini inakukuta getini, na mama mwenye nyumba ananiambia kwa kujiamini kabisa "si unasikia harufu mwenyewe, hapa pasafi." Jamani tuelewane hapa, maana hili nimelisema mpaka nimechoka: ile harufu kali inayowasha macho siyo usafi, ni klorini iliyokwisha kupambana na jasho, mikojo na mafuta ya mwilini ikageuka kitu kingine. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo. Na rangi ya bluu nayo siyo kipimo, wapo mafundi wanaotupia mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, maji yang'ae, mwani unakufa kweli lakini vijidudu vya kuharisha viko pale pale na vigae vinabaki na madoa.

Nikamuomba fundi anionyeshe anapima nini. Hana kifaa. Anachota kopo la kilo moja la klorini ya unga, anamwaga, anaondoka. Sasa piga hesabu na mimi. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, hizo ni lita 48,000. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 75 hivi zinapandisha kiwango kwa miligramu 1 kwa lita kwenye bwawa hilo. Kinachotakiwa ni kati ya 1 na 3. Kilo nzima inakupeleka 13 na ushee, watoto wakiingia jioni ile macho yanakuwa mekundu na ngozi inawasha, halafu jua letu hili kama hakuna dawa ya kuilinda linaila klorini yote ndani ya muda mfupi, ikifika Jumanne huna kitu, na mbu kutoka yai mpaka kuruka anahitaji siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo Jumamosi sumu, Jumatano mazalia, na hela umelipa.

Kifaa cha kupimia kinauzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa, nunua cha kwako usisubiri cha fundi. Pima klorini na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, pH ikae 7.2 mpaka 7.8. Ikifika 8 ni karibu robo tu ya klorini yako inayofanya kazi, kwa hiyo unaweza kumwaga dawa mpaka uchoke. Wenye visima vya maji yenye chuma, maji yakigeuka ya kahawia ukiweka klorini usishtuke, ni ile chuma inajitokeza, ndo kazi ya filta.

Dawa zenyewe. Klorini na asidi hazikai kabati moja, wala hazichotwi kwa kopo moja, na klorini ya unga haichanganywi na ya vidonge hata kama makopo yanafanana, inaweza kulipuka au kutoa gesi inayochoma mapafu. Unatia dawa kwenye maji, hutii maji kwenye dawa. Nimekuta ndoo ya asidi chini ya ngazi wanapochezea watoto, sikulala vizuri siku ile.

Kuhusu kumpata fundi, taasisi yetu haipendekezi mtu wala kampuni, msitupigie kuulizia namba. Ila kazi ya umeme wa pampu na taa za ndani ya maji mpe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe aionyeshe na uangalie daraja lake, usichukue vishoka kwa sababu tu wako karibu. Mzunguko wa umeme wa bwawa uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na ethi, ile waya inayopeleka umeme ardhini, iliyopimwa. Kama unajenga jipya unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri pamoja na michoro, na mkandarasi awe amesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Fundi aliyejifunzia mtaani siyo lazima awe mbaya, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti kwa ujuzi alionao, muulize kama amepitia. Andikianeni, hata karatasi moja: kazi ipi, vifaa vya nani, analipwa kwa hatua gani. Ukimpa hela yote asubuhi, jioni utamtafuta.

Na kosa la masika: kukausha bwawa. Maeneo ya pwani maji ya ardhini yanapanda, bwawa tupu linasukumwa kutoka chini, sakafu inapasuka au bwawa zima linanyanyuka. Subiri kiangazi.

Sasa malalamiko yakifika. Jirani anaanza kwa mtendaji wa mtaa au anakuja kwetu moja kwa moja, anaandika jina na eneo. Afisa anakuja na kitambulisho, na una haki ya kukiona kabla hujafungua geti. Anakagua bwawa, shimo la pampu, ndoo, na turubai la kufunikia, maana mbu wa dengue anapenda maji kidogo yaliyotuama kwenye mikunjo ya turubai, na Dar tumeshaugua dengue 2014 na 2019. Anaandika fomu, unasaini, unapata notisi yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika tunarudi. Umerekebisha, faili linafungwa. Hujarekebisha, tunaendelea kwa Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 na sheria ndogo za halmashauri, na ukikaidi ni mahakamani. Faini inalipwa kwa kontro namba tu, hakuna afisa anayepokea hela mkononi, akitokea wa hivyo mripoti. Na kusema "fundi alisafiri" hakusimamishi notisi, nimeandikiwa barua nyingi za namna hiyo.

Mwisho uzio. Mita 1.2 kwenda juu, usio na pa kukanyagia, na mlango unaojifunga wenyewe, komeo lake juu mtoto asipofika. Leo jioni kausukume huo mlango wako, uuachie, uone kama unarudi.