Abraham Lincoln hakuwa mtu wa kushindwa: dhana potofu kuhusu safari yake ya kisiasa

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya Marekani ya karne ya 19, wanafunzi wangu huwa tayari wanamjua Abraham Lincoln kupitia ile orodha inayosambazwa na wahamasishaji katika semina na makundi ya WhatsApp: biashara ilimfilisi, akashindwa uchaguzi wa 1832, akashindwa uspika, akashindwa ubunge, akashindwa useneta mara mbili, kisha mwaka 1860 akawa rais. Nimeikuta orodha hiyo katika insha nyingi kupita kiasi, nayo ndiyo dhana ninayotaka kuishughulikia kwa kirefu, kwa sababu inafuta takriban miaka 30 ya kazi ya siasa na kumwachia msomaji muujiza usio na chanzo.

Tuanze na 1832, ambapo kweli alishindwa. Alikuwa kijana wa miaka 23, amekaa kijijini New Salem mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya kampeni alikuwa vitani katika Vita vya Black Hawk, vilivyopiganwa dhidi ya wenyeji asili wa Amerika, ambako wenzake wa kikosi walimchagua kuwa kapteni. Katika wagombea 13 wa bunge la jimbo la Illinois alishika nafasi ya nane, lakini katika kituo cha kijiji chake, walikomfahamu, alipata kura 277 kati ya 300 hivi zilizopigwa. Mwanasiasa yeyote mgeni angefurahi kuanza hivyo.

Miaka miwili baadaye alichaguliwa, akachaguliwa tena 1836, 1838 na 1840, yaani vipindi vinne mfululizo. Ushindi huo wote orodha huuruka au huugusa kwa neno moja. Katika kipindi hicho alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Whig bungeni na mstari wa mbele katika juhudi zilizohamisha makao makuu ya jimbo kutoka Vandalia kwenda Springfield. Hata kule "kushindwa uspika" kunathibitisha kinyume cha kinachodaiwa, kwa kuwa chama hakimsimamishi mtu wa miaka 29 kugombea uspika kama hakimwamini.

Dai la kwamba mwaka 1848 alikataliwa kurudi katika Baraza la Wawakilishi la taifa ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu si kweli hata kidogo. Wana-Whig wa eneo lake walikuwa na utaratibu wa kupokezana nafasi hiyo: John Hardin alichaguliwa 1843, Edward Baker 1844, na Lincoln 1846, alipomshinda mhubiri wa Kimethodisti Peter Cartwright. Zamu yake ilipokwisha hakugombea, na aliyesimama badala yake ni Stephen Logan, ambaye alishindwa. Kwa hiyo orodha inambebesha Lincoln kushindwa kwa mtu mwingine.

Kuhusu useneta, wanafunzi husahau kuuliza swali ambalo kila mara nasisitiza liulizwe kwanza: nani alikuwa na haki ya kupiga kura? Wakati huo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabunge ya majimbo. Mwaka 1855 Lincoln aliongoza duru ya kwanza kwa kura 44 dhidi ya 41 za James Shields wa chama cha Democratic, huku Lyman Trumbull akiwa na kura tano tu. Alipoona wafuasi wa Trumbull hawatamhamia, na kwamba mgombea mwingine wa Democratic anakaribia kushinda, aliwaomba watu wake wamuunge mkono Trumbull, mpinzani mwenzake wa kuenea kwa utumwa katika maeneo mapya ya magharibi. Trumbull akashinda. Aliyejitoa ili msimamo wake upite hawezi kuwekwa kundi moja na aliyekataliwa.

Mwaka 1858, baada ya midahalo saba na Stephen Douglas, seneta wa Democratic aliyekuwa akitetea kiti chake, wagombea wa bunge la jimbo wa chama kipya cha Republican, alichokuwa amejiunga nacho Lincoln, walipata kwa jumla kura nyingi kidogo kuliko wale wa Douglas. Hata hivyo mgawanyo wa majimbo ya uchaguzi ulikuwa wa zamani, na baadhi ya viti havikupigiwa kura mwaka huo, hivyo bunge likamchagua Douglas kwa kura 54 dhidi ya 46. Midahalo ilichapishwa magazetini nchi nzima, na ndiyo iliyomtoa Lincoln nje ya mipaka ya Illinois.

Tena, katika miaka yote hiyo alikuwa wakili mwenye kazi tele. Duka la New Salem lilikufa na madeni yake akayalipa kwa miaka mingi, lakini ofisi yake ya sheria Springfield ilishughulikia maelfu ya kesi, mamia yake mbele ya Mahakama Kuu ya Illinois, na kesi moja ya kodi ya reli ya Illinois Central ilimpatia dola 5,000. Kwa hiyo wajumbe wa Republican waliomteua kugombea urais huko Chicago mwezi Mei 1860, katika duru ya tatu, walijua vizuri wanamteua nani. Anayetaka kufundisha vijana uvumilivu anaweza kuwaonyesha mtu aliyesoma sheria peke yake ilhali shuleni hakufikisha hata mwaka mmoja kwa jumla. Hilo ni kweli na linatosha.

Dhana nyingine nitazipitia haraka. Hotuba ya Gettysburg, aliyoitoa Novemba 19, 1863 kwenye makaburi ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, haikuandikwa juu ya bahasha ndani ya treni, kwani Lincoln alianza kuiandaa akiwa Washington, na nakala tano za mwandiko wake zipo hadi leo. Wala ushindi wa 1860 haukuwa wa kishindo katika kura za wananchi: alipata takriban asilimia 40, wapinzani wakiwa wamegawanyika pande tatu, na katika majimbo 10 ya Kusini hazikuwapo karatasi za kura zenye jina lake.

Husemwa pia kwamba alikomesha utumwa kwa saini moja, na wengine hujibu kwamba Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863 halikumkomboa yeyote. Wote wamekosea. Tangazo lilitolewa kwa mamlaka ya amiri jeshi mkuu wakati wa vita, kwa hiyo lilihusu maeneo ya Kusini yaliyoasi na kuyaacha majimbo ya mpakani, yenye utumwa lakini yasiyoasi, kama Kentucky na Delaware. Hata hivyo, kila jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln, lilipopiga hatua Kusini, watumwa walikuwa huru kisheria, na wanaume Weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini. Lincoln mwenyewe alijua kwamba amri ya vita ingeweza kupingwa mahakamani vita vikiisha, ndiyo maana alilishinikiza Baraza la Wawakilishi hadi likapitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba Januari 31, 1865, kwa kura 119 dhidi ya 56. Majimbo ya kutosha yaliyaridhia Desemba 6 mwaka huo, miezi saba na zaidi baada ya yeye kuuawa, na ni siku hiyo watumwa wa Kentucky na Delaware walipopata uhuru.