Hasi ya sensa yako imegusa wapi?

Mzee mmoja anayesindika zabibu upande wa Hombolo alinipigia simu asubuhi na mapema. "Kijana, mashine yako imelewa kabla ya mvinyo."

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfungia kifaa cha kukusanya data na themokapo nne za aina ya K (sensa, yaani vihisi, vya kupimia joto), mbili kwenye matangi ya chuma, mbili kwenye simtanki. Tangi la kwanza lilikuwa likisoma nyuzijoto 26, lakini pampu ikiwashwa tu linaruka hadi 41, linashuka hadi 12, linapanda tena. Hakuna zabibu inayochachuka namna hiyo.

Themokapo ya K hutoa kama maikrovolti 41 kwa kila nyuzijoto moja. Nusu ya milivolti ikijipenyeza njiani, umeshakosea nyuzijoto 12. Ndiyo maana kabla ya kuchomeka waya wowote wa analogi huwa najiuliza: hasi ya sensa hii, yaani waya wake wa hasi, imeshagusa ethi (ardhi) mahali, au inaelea bila kuigusa popote?

Siku ile sikujiuliza. Ncha ya themokapo zile imechomelewa ndani ya ala yake ya chuma, ala imegusa tangi, na tangi lina ethi. Nami kwa uvivu nikakusanya hasi zote nikazifunga GND ya kifaa (pointi yake ya sifuri), ambacho kupitia kompyuta kina ethi yake nyingine, ya chumba cha pili. Na ethi za Dodoma tunazijua. Ikifika Agosti udongo umekauka kau, rodi ya ethi imesimama kwenye vumbi. Niliweka maltimita kati ya tangi na ethi ya kompyuta huku pampu ikizunguka, nikapata volti 0.9 za AC. Umeme huo ulikuwa ukijipitia ndani ya waya wa hasi wa themokapo, na kifaa kikauhesabu kuwa joto.

Dawa yake ni kukiacha kifaa kilinganishe nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe. Kwenye kadi nyingi za kukusanya data chanya inaingia mlango wa AI0, hasi inaingia mlango wa AI8, GND haiguswi. Zile volti 0.9 ziko sawasawa kwenye nyaya zote mbili, kwa hiyo zinafutana, mradi tu zisizidi kiwango cha kifaa, ambacho mara nyingi ni volti 10. Unachopoteza ni nafasi: chaneli 16 zinabaki 8. Wateja hununa wakisikia hivyo. Wanune tu.

Nikabadilisha zote nne, nikaenda kunywa chai. Kurudi, matangi ya chuma yametulia kwenye 26, ila simtanki zinapanda polepole bila kukoma, mpaka zikagota mwisho wa kipimo.

Huo ni ugonjwa wa kinyume chake. Tangi ni la plastiki, kwa hiyo sensa haijagusa ethi popote. Ampulifaya ya kifaa (sehemu inayokuza ishara ya sensa) ina mkondo mdogo sana unaotoka kwenye milango yake, na mkondo huo unahitaji njia ya kurudi nyumbani. Ukikosa njia, chaji inajilimbikiza na nyaya zote mbili zinaelea hadi nje ya uwezo wa ampulifaya. Nilifunga rezista ya kiloomu 10 kati ya hasi na GND kwa kila simtanki. Kwa themokapo, ambayo ukinzani wake ni mdogo, moja upande wa hasi inatosha. Sensa yenye ukinzani mkubwa iwekee mbili zinazolingana, chanya na hasi. Matangi ya chuma sikuyafungia kitu, njia yao ipo tayari.

Mzee aliishika rezista kwa vidole viwili, akaigeuza geuza. "Kadude haka?"

"Hako hako, mzee."

Wakati nafunga boksi nikaona nyavu ya kinga (ile ya chuma inayozunguka nyaya) ya kebo za matangi ya chuma nimeifunga ethi ncha zote mbili, kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Nikakata upande wa kompyuta, nikabakiza wa tangi.