King'ora cha moshi hakikai jikoni

"Moto huanzia jikoni, kwa hiyo king'ora kiwekwe jikoni." Wapangaji wa hapa Uingereza wanasema hivyo, wenye nyumba wanasema hivyo, na mafundi umeme wanaolipwa kwa kazi hiyo nao hawako nyuma. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayofanya ving'ora vivalishwe mifuko ya plastiki ili vinyamaze.

Sheria kwanza, haraka haraka. England, kwa kanuni za 2015 zilizorekebishwa 2022, mwenye nyumba lazima aweke angalau king'ora kimoja cha moshi katika kila ghorofa lenye chumba kinachotumika kwa makazi (bafu na choo vinahesabiwa), na ahakikishe kinafanya kazi siku upangaji unapoanza. Baada ya hapo kukipima ni juu yako mpangaji. Ukimwarifu kimekufa, kukitengeneza ni juu yake. Akikaidi notisi ya halmashauri, faini hufika pauni 5,000. Chumba chenye boila (mtambo wa kupasha maji) au jiko la kuni kinahitaji king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Cha moshi hakiinusi gesi hiyo hata kidogo.

Sasa, kanuni hizo hazisemi kiwekwe sehemu gani ya ghorofa, na upotoshaji unapenya hapo. Mahali pake ni kwenye dari ya korido au juu ya ngazi, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani na kwenye taa. Kwenye kona ya dari na ukuta hewa haisogei, moshi unachelewa kufika. Jikoni tatizo ni kinyume chake: ukichoma maandazi, chembe za mafuta ya moto zinaingia kwenye kihisi, yaani pua ya king'ora, nayo haijui kama ni maandazi au sofa. Vile vya zamani vya ayoni (vinavyohisi moshi kwa hewa iliyotiwa chaji ya umeme) ndivyo vikorofi zaidi. Kinapiga kelele Jumapili mbele ya wageni, mtu anapanda kiti, anachomoa betri "kwa leo tu". Hairudi.

Jikoni panataka king'ora cha joto, kinacholia kwenye nyuzi 58 hivi na kisichojali moshi. Scotland, tangu Februari 2022, ni lazima kwa kila nyumba, hata unayoishi mwenyewe: cha joto jikoni, cha moshi kwenye sebule inayotumika zaidi na katika korido ya kila ghorofa, vyote darini na vimeunganishwa, kimoja kikilia vilie vyote. Ukiunganisha kwa mawimbi ya redio, bila waya, usichanganye chapa. Kwa kawaida hazisikilizani.

Sebule na jiko vikiwa chumba kimoja, mwongozo wa Scotland unaridhika na cha joto peke yake. Hapo nina shaka. Godoro la sofa linaweza kufuka moshi muda mrefu kabla dari haijapata joto la kutosha. Mimi naongeza cha moshi upande wa mbali na jiko, ingawa najua siku moja samaki watakiamsha.

Na ule mlio mfupi wa kila dakika saa tisa usiku si moto. Betri imechoka, na baridi ya usiku inaizidishia uchovu. Ikiwa betri imefungiwa ndani, badilisha kifaa kizima. Kigeuze usome tarehe mgongoni: kikishapita miaka 10 kitupe, hata kama kitufe bado kinalia, maana kitufe mara nyingi kinapima saketi na sauti, si pua.