Ule mfuko wa dukani si mboji

Jumamosi dada mmoja wa kwetu Tanga, ambaye naye anaishi mji huuhuu wa Uingereza, alinipigia simu ya video anionyeshe mlango wake. Kapanga vyungu vitatu kwenye ngazi: kimoja cha maua ya viola ya njano, kimoja cha kabichi ya mapambo yenye moyo wa zambarau, na cha tatu kitupu kinachosubiri vitunguu vya maua ya tulipu. Ni Oktoba, majani yanamwagika barabarani, na mtaa mzima umetoa vyungu nje. (Wenye kamusi huyaita majira haya vuli. Vuli ninayoijua mimi ina mvua na watu wanapanda mahindi, lakini hilo nitaligombea siku nyingine.) Vyungu vilipendeza, sina neno. Kisha akageuza simu, nikaona mfuko wa plastiki wa lita 50 umeegemea ukuta. "Na mboji yenyewe hii hapa, mdogo wangu. Itakayobaki namwagia sukumawiki kule nyuma ipate mbolea."

Huyo ni wa nne tangu Septemba kuuita mfuko wa dukani mboji.

Mboji ni mabaki ya mimea, na pengine ya wanyama, yaliyooza mpaka yakamaliza kuoza. Ni nyeusi, inavunjika mkononi, inanukia kama ardhi iliyoguswa na mvua ya kwanza, na huwezi tena kujua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi lilikuwa jani. Basi. Wataalamu wa udongo hulitumia neno hilohilo kwa ile sehemu nyeusi ya udongo wa msituni, iliyojiozea yenyewe bila mkono wa mtu, nami sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni kwamba neno limegeuzwa kapu la kutupia kila kitu. Mfuko wa dukani ni mboji, samadi ni mboji, ndoo ya maganda jikoni ni mboji, majani yaliyofagiliwa jana nayo ni mboji. Na haya ni maneno tuliyonayo tayari, tena yana mipaka mizuri.

Tuanze na mbolea, mama yao wote. Mbolea ni chochote unacholisha ardhi. Lakini ukiitegea sikio, neno lenyewe linanuka uozo. Wazulu wakitaka kusema kuoza husema -bola. Wanyarwanda na Warundi husema kubora. Kiswahili kiliidondosha ile b njiani kikabaki na oza, ila b yenyewe haikufa, imejificha kwenye embe bovu na yai bovu. Kwa sikio langu mbolea imezaliwa nyumba hiyohiyo, na mboji ni mdogo wake. Ndiyo maana huwa nacheka peke yangu mtu akisema mbolea huku akiwaza chembe nyeupe za urea ndani ya mfuko wa kilo 50. Kitu hicho kimetoka kiwandani kikavu, hakijaoza hata siku moja, na leo ndicho kinachomiliki jina.

Samadi ilikuja na Waarabu. Kwao samad ni mbolea ya aina yoyote, na mpaka leo ndugu zetu wa Muscat wakiingia duka la pembejeo, neno hilo wanalikuta hata kwenye mbolea ya kiwandani. Sisi tuliipokea tukaibana: samadi ni kinyesi cha ng'ombe, cha mbuzi, cha kuku. Tulifanya vizuri kuibana. Samadi yaweza kuingia kwenye rundo la mboji kama kiungo, na ni kiungo kizuri, lakini ile mbichi uliyoitoa bandani asubuhi ukaisogeza kwenye shina la mche itauunguza mche. Mboji haiunguzi, kwa sababu moto wake ulishaisha.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni vunde. Mabwana shamba wa Tanzania husema mbolea vunde, na naona limekaa vizuri hata kuliko mboji, kwa sababu limebeba kazi yenyewe. Kuvunda ni kuoza, tena kuoza kunakosumbua pua. Lakini kuvundika ni habari nyingine. Bibi akishusha mkungu wa ndizi mbichi, anaulaza shimoni au ndani ya pipa, anaufunika majani makavu ya mgomba, anauacha siku kadhaa. Anachofanya ni kulifungia joto ndani, ndizi ziive pamoja. Rundo la mboji huvundikwa vivyo hivyo, ila linapita kuiva na kuendelea mbele.

Na joto hilo si la kusimuliwa. Juzi asubuhi, nje nyuzi 6, nilichoma uma wa bustani kwenye rundo langu nikalifunua katikati. Mvuke ulipanda kama wa sufuria ya ubwabwa. Mkono niliouingiza niliutoa haraka. Rundo lililojengwa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 65 huko ndani, na joto lote hilo ni la bakteria wanaokula. Wakishamaliza vile vilaini, rundo hupoa, kuvu na minyoo wanaingia kumalizia, na hapo ndipo mtu asiye na subira hudhani limekufa.

Wanachotaka bakteria hao ni chakula cha aina mbili kwa pamoja. Vikavu vya kahawia, yaani majani yaliyopukutika, maboksi yaliyochanwa na vijiti, huwapa kaboni. Vibichi, yaani maganda ya mboga, nyasi zilizokatwa na masalia ya kahawa, huwapa naitrojeni. Vitabu husema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni, lakini hakuna anayepima hivyo uani. Mimi hutia ndoo mbili au tatu za vikavu kwa moja ya vibichi, kisha nachukua konzi moja na kuikamua: ikidondosha tone moja au mawili, maji yanatosha. Ikichuruzika, naongeza maboksi. Ikinuka yai viza, hewa imekosekana na ni lazima nigeuze, mgongo utake usitake. Majira haya ndiyo neema ya vikavu. Wakati wa joto nyasi ni nyingi na kahawia haipatikani, ndiyo maana mwenye akili huweka magunia ya majani ya Oktoba akiba.

Majani matupu nayo yana hadithi yake. Ukiyaweka peke yake hayachemki, kwa sababu bakteria hawakuti cha kuwachangamsha. Kazi inabaki kwa kuvu, na kuvu hawana haraka. Nina mifuko miwili myeusi nyuma ya banda la zana, nimeitoboa kwa uma, nikatia maji kidogo, nikaisahau tangu mwaka juzi. Kilichomo sasa ni kama unga wa kakao. Hiyo nayo ni mboji, mboji ya majani, sibishi, ila haina chakula kingi. Kazi yake ni kulegeza udongo mgumu na kushika unyevu.

Ile ndoo ya jikoni? Hiyo ni jaa dogo. Mnaosema "natupa kwenye mboji" mnatupa kwenye jaa, na maeneo mengi huku kilichomo kikija kuchukuliwa na gari la manispaa hakiendi kuwa mboji. Mabaki ya chakula hupelekwa kwenye matangi yaliyofungwa yasiyo na hewa, yatoe gesi ya kuzalishia umeme, na kinachobaki ni uji unaomwagwa mashambani. Ni jambo jema, ila ni jambo lingine. Wachaga kwenye vihamba na Wahaya kwenye vibanja, ambao tangu zamani wanarudisha maganda na vigogo vya migomba kwenye mashina ya migomba yenyewe, wana haki zaidi ya kulitumia neno hili, maana kule kweli vinaoza na kuliwa na mti.

Sasa turudi kwenye mfuko. Mfuko umeandikwa compost, mtu anafungua kamusi, anakuta mboji, na hapo kosa linazaliwa. Waingereza wenyewe hawajakosea. Neno lao limetoka Kilatini, na maana yake ya asili ni kilichowekwa pamoja, kilichochanganywa. Limetoka tumbo moja na lile la Kifaransa la matunda yaliyochemshwa kwa sukari. Kuoza hakumo ndani yake. Kwa hiyo Mwingereza ana haki ya kuliita hivyo rundo linalooza na kuuita hivyo udongo uliochanganywa wa kupandia kwenye vyungu, kwa sababu vyote viwili ni michanganyiko. Neno letu ndilo lililosimama kwenye kuoza, na ukilivalisha mfuko ule linapwaya.

Mchanganyiko wenyewe una historia. Zamani kila mtunza bustani huku alikuwa na wake wa siri. Miaka ya 1930, kwenye taasisi ya kilimo cha bustani ya John Innes iliyokuwa Merton, kusini mwa London, William Lawrence na John Newell walikaa wakatafuta vipimo vya kudumu. Vya kupandia vyunguni vilitoka hivi: udongo wa tifutifu uliopitishwa kwenye joto kuua magonjwa sehemu 7, piti sehemu 3 (nitaieleza hivi punde), mchanga mkubwa sehemu 2, pamoja na mbolea kidogo na chokaa. Mpaka leo utakuta mifuko yenye jina la John Innes na namba 1, 2 au 3 kufuatana na wingi wa mbolea, na watu hudhani ni kampuni.

Mifuko mingine mingi haina hata udongo. Miaka na miaka ilijazwa piti, yaani mimea ya kinamasi iliyozama majini ikashindwa kuoza sawasawa kwa kukosa hewa. Nasema ilishindwa kuoza! Kinamasi hujenga piti kwa kama milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu, na sasa wengi wanaikwepa kwa sababu hiyo. Badala yake mifuko inajazwa nyuzi za mbao, magome na makumbi. Ndiyo, makumbi ya nazi. Akina mama wa Unguja huyafukia pwani miezi kadhaa, wakayatwanga wapate usumba wa kusokota kamba. Vumbi la makumbi kama hayo ndilo linalosafirishwa kutoka Sri Lanka na India, likauzwa hapa kwa bei ambayo nikimwambia shangazi yangu atadhani nimelewa. Juu ya hayo hunyunyiziwa mbolea ya kutosha wiki nne hadi sita. Baada ya hapo mmea unakutegemea wewe.

Kitu hicho kimetengenezwa kwa kazi moja: kushika mizizi ndani ya chombo kidogo, maji yapite, hewa ibaki. Mboji haiwezi kazi hiyo peke yake, na hili nimelilipia. Mwaka wangu wa kwanza wenye rundo, kwa majivuno, nilijaza chungu kikubwa mboji tupu ya nyumbani nikazika humo vitunguu ishirini vya tulipu. Kufikia Januari ilikuwa imeshuka robo ya chungu na kushikana kama matope. Machi nilipochimbua, vitunguu vilikuwa uji. Mboji iliendelea na kazi yake ya kuozesha, siwezi kuilaumu.

Na jina la ule mfuko tunalo, tena la siku nyingi. Yeyote aliyewahi kupita kwenye kitalu cha miche Lushoto au Moshi ameona viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vimepangwa kivulini, na pembeni lundo la udongo unaochanganywa kwa koleo: wa msituni sehemu 3, samadi iliyokaa sehemu 2, mchanga sehemu 1, ndivyo nilivyofundishwa. Hakuna mtu pale anayeliita lundo lile mboji. Ni udongo wa kitalu, au udongo wa viriba.

Nilimpigia dada jioni, maana mchana nilinyamaza nisimharibie furaha. Nikamwambia mfuko wake ni mzuri, tulipu zitaupenda, azizike Novemba kwa kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, atoboe chungu kama hakina matundu. Ila utakaobaki asiumwagie sukumawiki akitegemea mbolea. Hautaidhuru, lakini ni kama kumpa mgeni kikombe kizuri bila chai. Aufunge mdomo, aufiche mvua isiufikie, utamfaa Machi kuotesha nyanya. Mboji nitamletea mimi, ndoo mbili, ya mwaka jana.

"Kumbe nimenunua udongo wa viriba," akasema. Kisha: "Na hiyo yako inanuka?"

Nikamwambia ainuse kwanza mlangoni, ikinuka anirudishie na ndoo zangu.